Mmea usioujua umeota kwenye parseli mpya: ulizia kwanza udongo wake

Hapa Goma bustani huanza kwa kununua udongo. Chini ya parseli (viwanja) nyingi za Ndosho, Majengo au Mabanga kuna jiwe jeusi la volkano, na mahali ambapo lava ya Januari 2002 ilipita kuelekea ziwani, jembe haliingii hata kidole kimoja. Kwa hiyo mtu anajenga ukuta wa mawe, anatafuta Fuso ya udongo, anaongeza magunia ya samadi ya ng'ombe wa Masisi, halafu anasubiri mvua ya Septemba.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Udongo ulifika mwishoni mwa Agosti, mvua ikaanza, na kabla sijatia mbegu hata moja ardhini bustani yote ilikuwa ya kijani. Mimea mingi niliitambua. Mmoja ulinishinda. Uliota karibu na ukuta, majani mapana yenye meno makubwa, shina la kijani lililonyooka. Watoto wa jirani waliushika jani wakasema kwa furaha kwamba ni fizalisi, lile tunda la njano linalokaa ndani ya kikoba cha karatasi, na wakaanza kuhesabu siku. Nitaurudia mmea huo, kwa sababu ndio ulionifundisha kutotoa jina haraka.

Tangu hapo majirani huniletea miche. Wanaileta ikiwa imeng'olewa, imenyauka ndani ya mfuko, na swali ni lile lile: "Yaya, hii ni nini?" Mche uliong'olewa umepoteza nusu ya majibu yake. Tafadhali uache ulipo, kisha tufuatane.

Imeota kila mahali kwa mara moja

Dalili: wiki moja au mbili baada ya mvua, miche ya aina moja imetapakaa bustani nzima, sawasawa, kama mtu aliyeimwaga kwa mkono.

Chanzo chake karibu kila mara ni udongo wenyewe. Mbegu zilikuwa zimelala ndani yake shambani, gizani, na wewe ulipoumwaga ulizipandisha juu, zikapata mwanga na maji. Mche mmoja wa lengalenga (mchicha) ukiachwa ukomae unaweza kudondosha mbegu laki moja na zaidi. Mbegu za mnanaha (datura, gugu lenye sumu) zilizofukiwa zimewahi kuota baada ya zaidi ya miaka thelathini. Basi usimlaumu muuza mbegu, wala usidhani kwamba jirani amekurushia kitu.

Dawa ya kwanza ya dalili hii ni simu. Mpigie aliyekuuzia udongo umuulize mambo mawili: ulichimbwa wapi, na pale palikuwa pamelimwa nini. Akisema palikuwa shamba la maharage au mihogo, tegemea magugu ya shambani: lengalenga, kurisuka, inyabarasanya yenye mbegu zinazong'ang'ania suruali, na mnavu ambao wengine hapa huuita isogo. Akisema palikuwa malisho, jiandae kwa nyasi. Akisema palikuwa karibu na nyumba iliyobomolewa au jalala la kijiji, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mnanaha na mbarika hupenda sana sehemu kama hizo, zenye takataka na mbolea nyingi.

Swali hili la udongo watu hulipuuza, nami naliona lina thamani kuliko picha kumi za simu. Mmea umekuja na historia ya shamba lingine, na aliyelima shamba hilo anaujua.

Imeota kwa vishungi, au mmoja mmoja

Vishungi, yaani miche ishirini imebanana mahali pa kiganja, ni samadi au mabaki ya jikoni. Mbegu za nyanya hupita tumboni mwa binadamu na mnyama bila kufa. Lundo dogo la mboji, kama haya tunayokusanya nyuma ya jiko, halipati joto la kutosha kuua mbegu. Panahitajika kama nyuzi 55 kwa siku kadhaa, na lundo la gunia mbili halifiki. Ukiona kishungi, angalia kwanza kama ni nyanya (sugua jani: harufu yake huwezi kuikosea, na vidole vinabaki na rangi ya kijani-manjano), kisha maboga, ambayo hutoka na majani mawili ya kwanza manene na makubwa, kisha pilipili, kisha papai.

Mmoja mmoja, chini ya waya wa umeme, chini ya ukuta au chini ya mti: huyo ni ndege. Ndege hukaa, hujisaidia, huruka. Hivyo ndivyo hufika mapera, mnavu, fizalisi na lantana. Lantana utaitambua kwa shina lenye pembe nne, jani linalokwaruza na harufu kali. Maua yake mazuri hubadilika rangi kadiri yanavyozeeka, lakini majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi, basi usiipande kuwa uzio pale mifugo inapofikia.

Kwenye mstari, kufuata mtaro au mteremko: mbegu zimeletwa na maji kutoka parseli ya juu. Panda juu ukaangalie kwa jirani. Mara nyingi mmea mkubwa, wenye maua tayari, umesimama pale ukikungoja, na mwenye parseli anajua jina lake.

Ndani ya ufa wa lava, pasipo udongo kabisa: hapo hakuna mbegu ya shambani. Juu ya lava ya milima yetu kinachotangulia ni ule utando wa kijivu kama manyoya, jamii ya stereokauloni, kisha ferni za porini zinazotoka kwa vumbi jepesi la upepo. Ferni haina mbegu wala ua, kwa hiyo usisubiri litoke. Ila kuna kosa moja ninaloliona kila mwaka: mche wa greveleya. Majani yake yamekatwa-katwa kama ya ferni, na upepo huleta mbegu zake zenye ubawa mpaka kwenye nyufa za kuta. Tofauti ni rahisi. Jani changa la ferni huzaliwa limejikunja kama konokono. La greveleya halijikunji, na mgongo wake una rangi ya fedha. Greveleya ni mti wa mita ishirini na kuendelea. Ukiuacha kwenye ufa wa ukuta wa nyumba kwa kuudhani ferni, baada ya miaka michache ukuta utakuambia.

Nimeng'oa, umerudi baada ya siku nne

Basi huenda hukuwa na mmea wa mbegu hata kidogo. Chimba badala ya kuvuta, kwa kisu kirefu, uangalie ulichokiacha chini.

Vishanga vidogo vigumu vyenye harufu kidogo, vilivyounganishwa kwa uzi mweusi, na juu yake majani membamba yenye shina la pembe tatu: ndago. Kila kishanga ni mmea mpya, na kuivuta huamsha vile vilivyobaki.

Vitunguu vidogo vyeupe kama punje za mchele, na majani matatu yenye umbo la mkia wa samaki juu ya kijiti kimoja, maua ya waridi-zambarau: oksalisi. Ukiitikisa ardhini unapoing'oa, unaipanda upya. Ichimbe na udongo wake wote, uitie kwenye bido (dumu), usiitupe kwenye mboji.

Kamba nene nyeupe zinazotambaa na kuota mizizi kila pingili: nyasi za kikuyu, zilizokuja na udongo wa malisho ya Masisi. Ni chakula kizuri cha ng'ombe na adui wa bustani.

Shina laini lenye maji, jani pana lililokumbatia shina, ua dogo la buluu: komelina. Hii ina ujanja wa pekee. Aina inayopatikana sana kwetu hutoa maua mengine chini ya udongo, yasiyofunguka, yenye mbegu ndani. Unafyeka juu, yenyewe inazaa chini.

Na vipande vya mihogo na matembele vilivyosahaulika kwenye udongo huota pia. Hivyo ni zawadi.

Majani mawili ya kwanza

Watu wengi husubiri mmea uwe mkubwa ndipo wauangalie. Angalia mapema. Mche wenye jani moja tu la kwanza, jembamba, ni wa jamii ya nyasi au mahindi. Wenye mawili ni wa kundi lile lingine, na umbo la mawili hayo ni kama alama ya kidole kabla majani halisi hayajaanza kufanana.

Inyabarasanya ina majani mawili marefu membamba kama utepe. Kurisuka ina mafupi, ya mviringo unaokaribia mraba, yenye kijibonyeo kidogo nchani. Lengalenga ina membamba, na ukigeuza mgongo mara nyingi utaona wekundu. Jani halisi linalofuata hubonyea kidogo kwenye ncha. Mbarika ina mawili makubwa, mapana, yenye mishipa inayoonekana wazi. Mnanaha ina marefu yenye ncha, kama mkuki mdogo, nayo hukaa muda mrefu bila kudondoka.

Hapa ndipo napaswa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Majani halisi ya kwanza ya mnanaha hayana meno. Ni laini pembeni, ya umbo la yai, yanakaa vizuri kabisa katikati ya lengalenga na mnavu. Meno makubwa hutoka baadaye. Na sisi tunachuma mboga ikiwa changa, kwa kiganja, asubuhi na haraka, tukitaka kuwahi moto. Jirani yangu alikuwa akichuma hivyo siku niliyopita kwake. Nikamwomba: "Mama, nisamehe, hebu tupitie kwanza hii mboga pamoja." Tukaimwaga juu ya kitenge, tukaitenga shina kwa shina. Tulitoa miche mitatu. Aliponusa jani moja lililosuguliwa akalitupa mwenyewe bila mimi kusema neno.

Harufu ndiyo inayoisaliti. Lengalenga ikisuguliwa ina harufu ya majani tu. Mnanaha ina harufu nzito, mbaya, inayokufanya urudishe kichwa nyuma. Baadaye hakuna tena shaka: ua jeupe au la zambarau lenye umbo la tarumbeta lililoelekea juu, na tunda kama yai dogo lililojaa miiba. Sumu zake, atropini na skopolamini, ziko kwenye sehemu zote, na mbegu ndizo kali zaidi. Kupika haziondoki. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu za jamii hii kiliwaua watu watano na kuwafanya mamia waugue.

Aliyeila hukauka mdomo, ngozi huwa nyekundu na ya moto, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, kisha huanza kusema na watu wasiokuwepo. Wengine hudhani ni mapepo na kumpeleka kwenye maombi. Mpeleke hospitali mara moja, usimlazimishe kutapika, na ubebe kipande cha mmea au mboga iliyobaki ili daktari aone.

Na tafadhali, usipime kwa mnyama. Nimesikia mara nyingi: "Sungura wangu amekula na hajafa." Baadhi ya sungura wana kimeng'enya mwilini kinachovunja atropini. Wanakula mnanaha wakaendelea kurukaruka. Ndege hula matunda ambayo yatakulaza wewe. Dende (simbilisi) wako akikataa jani, hiyo nayo haithibitishi chochote.

Unafanana na sombe (majani ya muhogo)

Dalili: majani yenye vidole, kijiti kirefu, shina lenye wekundu. Swali linalofuata huwa: ni muhogo, au ni mbarika?

Geuza jani uangalie kijiti kinapoungana nalo. Kwa mbarika kijiti kimejishika ndani ya jani, mbali kidogo na ukingo, kama mpini wa mwavuli, na kila kidole kina meno madogo ukingoni. Kwa muhogo vidole vimetengana karibu mpaka chini na kingo zake ni laini. Kata shina: la mbarika lina uwazi ndani na hutoa maji, la muhogo hutoa utomvu mweupe.

Mbegu za mbarika zina madoadoa mazuri kama kombamwiko aliyeng'arishwa, na watoto huzipenda kwa kuchezea. Zimebeba risini. Zikitafunwa huleta kutapika na kuhara kukali baada ya masaa kadhaa. Kama una watoto, kata mashuke yake kabla hayajakauka na kupasuka. Sombe yenyewe, hata ya muhogo halali, ina sianidi ikiwa mbichi. Ndiyo maana mama zetu huitwanga na kuichemsha muda mrefu, na wako sahihi kabisa.

Utomvu mweupe

Vunja ncha ya jani. Ukitoka maziwa, umepunguza orodha sana. Mmea mdogo unaotambaa, wenye majani mawili mawili na shina jekundu, ni wa jamii ya euforbia. Maziwa yake huchoma macho, nawa mikono kabla ya kugusa uso. Mmea uliosimama, wenye maua ya njano na mbegu za pamba inayopeperuka, ni sonkusi, majani machungu ambayo sungura huyapenda. Na kama jani lina vidole vilivyogawanyika na shina ni moja lisilo na matawi, ni papai. Mwache, ila ujue kwamba kwenye urefu wetu wa mita 1,500 hivi na baridi ya usiku papai hukawia, na hujui kama ni dume au jike mpaka litoe ua.

Linapanda na kushika

Mche wa marakuja (pasheni) huwadanganya watu kwa sababu majani yake ya kwanza ni mazima. Yale yenye vidole vitatu huja baadaye. Subiri nyuzi zinazojikunja kwenye kwapa la jani. Nyuzi zikitoka pamoja na jani linalokwaruza na shina lenye manyoya, fikiria jamii ya maboga.

Mrefu, mchungu, maua kama alizeti

Huo ni titonia, na kila mtu wa Kivu ameuona kwenye uzio wa kando ya barabara. Ulitoka Meksiko na Amerika ya Kati. Watu huufyeka na kuuchoma moto, na inaniuma nikiona moshi huo, kwa sababu majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi kuliko samadi nyingi tunazonunua. Kata matawi laini kabla ya maua kukomaa, yafukie kwenye tuta wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Ukichelewa mpaka mbegu zidondoke, mwaka ujao utakuwa na uzio usiouomba.

Majani yana madoa ya kahawia, sielewi ni aina gani

Madoa si alama ya jina. Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, hutoa gesi, na mvua inayopita kwenye gesi hiyo hushuka na tindikali. Majani huungua kwa vidoa, hasa ya maharage na mboga laini. Moshi huo mara nyingi huelekea magharibi, kwa hiyo wenye bustani za upande wa Sake na Masisi huona zaidi. Tambua mmea kwa majani mapya yaliyotoka baada ya mvua hiyo.

Na hili si la magugu, lakini siwezi kuliruka. Kama ndani ya parseli yako mpya kuna shimo au bonde dogo ambamo hakuna kinachoota, au unakuta humo wadudu, mijusi au ndege waliokufa, usiiname kuangalia, na usimtume mtoto. Huenda ni mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, inayojikusanya mabondeni, zaidi magharibi mwa mji na karibu na ziwa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndipo hujaa. Weka alama, uwaonye majirani, uwaarifu watu wa Observatwari ya Volkano ya Goma.

Umebaki usiojulikana

Ukishapita yote hayo na bado hujui, chagua miche miwili. Mmoja uache ulipo, uuzungushie vijiti ili mwenye jembe asiuguse. Wa pili uhamishie kwenye bido lililokatwa, ulete karibu na mlango ambapo utauona kila siku. Miche mingine ya aina hiyo ing'oe sasa, kabla ya maua. Ikija kuonekana ni mizuri, unayo miwili ya mbegu. Usile, usimpe mtu, usiifanye dawa.

Halafu subiri ua. Jani hubadilika kwa kivuli, njaa na umri. Ua halibadiliki hivyo. Likitoka, piga picha nne kwa mwanga wa asubuhi: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani pande zote mbili, na mahali jani linaposhika shina. Programu ya PlantNet ni ya bure na inasaidia, mradi usiiamini kwa jibu lake la kwanza. Picha ya jani peke yake huifanya ibahatishe. Isome kama orodha ya washukiwa, kisha ulinganishe mmoja mmoja na kilicho mbele yako.

Kwa jibu la uhakika, kausha tawi. Lichukue na ua, jani na ikiwezekana tunda, lilaze kati ya magazeti, weka kadibodi juu na chini, kandamiza kwa jiwe zito, ambalo hapa Goma halikosekani. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tano au sita za kwanza, la sivyo litaota ukungu. Andika kwenye karatasi tarehe, mtaa, udongo ulikotoka, na rangi ya ua, maana rangi hupotea ikikauka. Tawi kama hilo linaweza kupelekwa kwa walimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Goma, au kuvuka ziwa hadi Lwiro karibu na Bukavu, ambako kituo cha utafiti kimetunza mimea iliyokaushwa ya eneo letu tangu enzi za Wabelgiji.

Sasa ule mmea wa ukutani. Niliutia kwenye bido. Mwanzoni nami nilitaka uwe fizalisi, kwa sababu watoto walikuwa wanapita kila jioni kuuliza. Kitu kimoja kilinisumbua: jani la fizalisi ni laini kama kitambaa cha mahameli kwa sababu ya vinyweleo vyake, na la mmea wangu lilikuwa tupu. Nilikitaja kisha nikakisahau. Wiki kadhaa baadaye ua lilifunguka mchana, kwa masaa machache tu. Fizalisi ina ua la njano lenye madoa meusi-zambarau ndani. Hili lilikuwa la buluu nyepesi na koo jeupe.

Ni nikandra. Nayo imetoka Peru kama fizalisi, na ni ya jamii moja nayo, jamii ile ile ya nyanya, mnavu na mnanaha. Nayo hufunga tunda ndani ya kikoba, lakini kikoba chake kina mabawa matano makali yaliyokatika mpaka chini, na ndani yake mna tunda kavu la kahawia, si tunda la njano lenye maji. Haliliwi, lina sumu.

Niliwaita watoto nikawaonyesha vikoba viwili, cha nikandra na cha fizalisi niliyoiomba kwa mama mmoja wa Himbi, nikawaacha wavishike, wavipasue, wanuse. Mdogo wao alivipanga kwenye jiwe, kimoja kulia, kimoja kushoto. Nikandra niliikata kabla vikoba havijakauka, nikaifungia kwenye mfuko. Kwenye bido lile sasa pamepandwa mche wa fizalisi ya kweli, na Septemba hii umetoa ua la kwanza, la njano.